Hukumu ya Kuziuliza Roboti za WhatsApp na Telegram Masuala ya Dini

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa: Je, inajuzu kuiuliza fatwa roboti iliyomo ndani ya WhatsApp au Telegram? (Wengine huiita boti, lakini kwetu Unguja boti ni ya kwendea Dar es Salaam.)

Telegram ilifungua mlango wa roboti hizi mwaka 2015. Nyingi za mwanzo hurejesha jibu lililokwisha andikwa na mtu, kama nyakati za Swala. Hizo hazina neno, madamu aliyeziandaa anajulikana. Za sasa, mfano Meta AI ya WhatsApp, hutunga jibu kwa kukisia neno gani lifuate. Ndiyo maana huweza kukutajia Hadithi pamoja na nambari na mpokezi, ukifungua kitabu huikuti.

Tuliletewa karatasi ya mirathi iliyofanywa hivyo. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mabinti wawili, mama na baba. Roboti iligawa mafungu 12: mume 3, mabinti 8, mama 1, na baba ikasema hakubakiwa na kitu. Watu walikuwa wameshaanza kugawana. Hili ni suala la aul: 12 hupanda kuwa 15, mume 3, mabinti 8, mama 2, baba 2, kila mmoja akipungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Na mzee mwenyewe alikuwa chumba cha pili, hakuna aliyemwambia.

Talaka ni nzito zaidi. Kadhi humuuliza mume alitamka nini, alikusudia nini, ni ya ngapi, kisha humsikiliza mke. Roboti humjibu aliyeandika, kwa alivyoandika. Tena, ujumbe wa watu wawili WhatsApp umefungwa, hata kampuni haiusomi. Unaoiandikia Meta AI unaifikia kampuni. Siri za nyumba zisipelekwe huko.

Basi kuitumia kutafuta aya iko sura gani, au maana ya neno la Kiarabu, inajuzu kwa sharti la kuhakikisha kwenye Msahafu au kamusi. Kuifanya mufti haijuzu. Aya ya 36 ya Suratul Israa inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Mirathi na talaka zipelekwe kwa Kadhi. Waliokwisha gawana kwa jibu la roboti warudie hesabu, na aliyepunjwa arejeshewe haki yake.

Wallahu Aalam.