Uchanganuzi wa Mienendo ya Watumiaji

Ni mbinu ya ulinzi wa mifumo ya kompyuta inayojifunza mazoea ya kila akaunti, kisha kutoa tahadhari yanapovunjwa. Dorothy Denning wa Marekani aliweka msingi wake katika makala ya 1987.

Tahadhari zikimiminika ovyo, data ndiyo hukaguliwa kwanza. Mhasibu anayeonekana ameingia kutoka London, na dakika kumi baadaye kutoka Tokyo, huenda hajaibiwa nywila. Labda amewasha tu VPN, inayobadilisha mahali anapoonekana yupo. “Safari isiyowezekana” ya namna hii imo katika mtaala wa mtihani wa wachambuzi wa usalama wa mtandao, CompTIA CySA+, na inastahili. Saa za seva zisizolingana pia huvuruga hesabu ya muda kati ya maingio.

Ukimya wa tahadhari ni hatari zaidi: mvamizi aliyekuwamo tangu kipindi cha kujifunza huhesabiwa mwenyeji, hivyo kumbukumbu za zamani lazima zichunguzwe upya.