Virusi vya JC na ubongo kinga inapoanguka
Naulizwa mara nyingi vipi virusi vikae mwilini miaka na mikaka, kisha vije vishambulie ubongo. Mfano wangu ni virusi vya JC, vilivyotambuliwa 1971. Herufi hizo ni za jina la mgonjwa. Watu wazima wengi tunavyo, vimejificha kwenye figo, na kinga huvizuia. Kinga ikianguka, hasa kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 200, huamka vikaua seli zinazotengeneza utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo. Mkono hulegea, maneno hupotea, macho hufifia. Sisi huku tushasema karogwa! Dawa ya kuviua hakuna. Zinazosaidia ni ARV, maana kinga ikirudi huvituliza, ingawa kilichokwisha kuharibika aghalabu hakirudi.