Walipima mafuvu, kumbukumbu ikawapita

SONGEA. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Mahenge, katika Manispaa ya Songea, kwenye viwanja vya Makumbusho ya Majimaji. Wanawakumbuka mashujaa wa Kingoni wa Vita vya Majimaji, walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Idadi inayotajwa ni watu 67, akiwamo Nkosi (mtawala) Mputa Gama. Nduna (kiongozi aliye chini ya Nkosi) Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Wajukuu zake wanasema alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Ujerumani.

Kwa nini kichwa? Enzi zile wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba akili na thamani ya mtu husomeka katika umbo la fuvu lake. Madaktari na maofisa wa jeshi wakakusanya mafuvu katika makoloni yote, wakafukua hadi makaburi. Mkusanyiko mmoja tu wa Berlin, ulioanzishwa na mwanaanthropolojia Felix von Luschan, ulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Watafiti walianza kuchunguza asili yake mwaka 2017, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba vinasaba vya mafuvu machache vimeoana na vya familia zinazoishi Kilimanjaro hadi leo.

Sayansi hiyo ya kupima mifupa imeporomoka. Ila katika miaka ileile, sayansi nyingine ilikuwa inaanza kuingia ndani ya fuvu, mahali ambapo hofu, njaa na kumbukumbu hukaa. Historia hiyo inaihusu Songea zaidi ya inavyodhaniwa.

Mlango ulifunguliwa na mtu ambaye naye alikuwa mpima mafuvu. Daktari Mfaransa Paul Broca alianzisha Chama cha Anthropolojia cha Paris mwaka 1859, akapima mafuvu na ubongo wa watu ili kuzipanga jamii za binadamu kwa ngazi. Mwaka 1878 alieleza juu ya mviringo wa ubongo unaozunguka shina lake, ambao aliukuta kwa wanyama wote wanyonyeshao aliowachunguza. Akauita ndewe kuu ya limbiki, akiamini kuwa kazi yake kubwa ni kunusa. Hakujua kwamba amegusa sehemu inayobomoa ngazi zake mwenyewe, kwa kuwa kila mwanadamu anayo, na inafanya kazi ileile kwa Mngoni na kwa Mfaransa.

Mwaka 1937 Mmarekani James Papez alipendekeza kwamba sehemu kadhaa za eneo hilo la ndani ya ubongo zimeunganishwa kama duara, na kwamba hisia za mtu huzunguka humo. Miaka hiyohiyo, huko Chicago, Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwaondolea kima sehemu za pembeni za ubongo. Kima waliokuwa wakali wakawa watulivu, wakawa wanawasogelea hata nyoka bila woga. Mwaka 1952 mwanasayansi Paul MacLean akaupa mkusanyiko wa sehemu hizo jina la mfumo wa limbiki. Leo wanasayansi wengi wanasema mipaka yake haiko wazi, na kwamba hisia hushirikisha ubongo mzima. Hata hivyo, kazi za sehemu zake kuu zimethibitishwa.

Ya kwanza ni amigdala. Ziko mbili, kulia na kushoto, kila moja haizidi ukubwa wa korosho ya Tunduru. Hatari inapotokea, amigdala hupiga mbiu kabla mtu hajamaliza kuelewa anachokiona. Mbiu hiyo hufika kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, nayo huuamuru mwili: moyo uende mbio, pumzi iongezeke, misuli ijiandae kukimbia au kupigana. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri na kuamua, inaweza kuituliza hofu hiyo.

Walioshika mikuki mbele ya bunduki za rasharasha kati ya 1905 na 1907 walikuwa na amigdala kama zetu. Dawa ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, haikuzuia risasi hata moja. Lakini iliwapa watu wa makabila mengi sababu moja ya kusimama licha ya woga. Wanaowadharau kwa kuamini maji wanasahau kwamba ushujaa ni kuogopa na kusonga mbele, na hakuna anayeuweza bila kitu cha kushikilia moyoni.

Sehemu ya pili, haipothalamasi, ndiyo pia inayosimamia njaa, kiu na joto la mwili. Wajerumani waliijua nguvu ya njaa. Katika Ungoni na kwingineko kusini walichoma vijiji na maghala ya chakula hadi watu wakaisha mashambani. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo hufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi.

Sehemu ya tatu ni hipokampasi, iliyojikunja ndani ya ubongo upande wa masikio, moja kila upande. Kazi yake ilijulikana kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, katika jimbo la Connecticut, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kukumbuka matukio mapya. Mtafiti Brenda Milner alifanya naye kazi kwa miaka mingi, na kila alipoingia alipokewa kama mgeni. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ukazoea, mistari ikanyooka, na kila siku Molaison aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Hata hivyo mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Ndipo ilipofahamika kwamba hipokampasi huziandaa kumbukumbu, kisha zikishakomaa hutunzwa kwingine katika ubongo. Molaison alifariki mwaka 2008.

Hipokampasi hutunza pia ramani ya mahali. Mwanasayansi John O'Keefe aligundua mwaka 1971 seli zake zinazoamka panya anapofika sehemu fulani. May-Britt na Edvard Moser wa Norway, waliochumbiana kileleni Kilimanjaro mwaka 1984, waligundua mwaka 2005 seli jirani zinazopima umbali na mwelekeo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Amigdala na hipokampasi zimepakana, na ujirani huo ndio unaoigusa Songea moja kwa moja. Jambo likitokea mtu akiwa na hofu au huzuni kubwa, amigdala huitia nguvu hipokampasi, na kumbukumbu hukita mizizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Majimaji, waliwakuta wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Miaka sitini na zaidi ilikuwa imepita, na bado walisimulia. Kumbukumbu ya namna hiyo hudumu, ingawa vipengele vyake huweza kubadilika, na ndiyo maana mwanahistoria hulinganisha neno la mzee mmoja na la mwingine.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha na kuahidi ushirikiano katika kukitafuta kichwa chake. Ahadi hiyo itimizwe. Fuvu likipatikana litarudi kama mwili wa babu wa watu, lizikwe kwa heshima zote.

Lakini mfupa hautatusimulia alichokiogopa, alichokipenda wala alichokiamua Nduna. Hayo yalikaa katika ubongo wake na wa waliomwona, na wote wamekwisha kwenda. Kilichobaki ni tulichopokezana kwa mdomo na kwa maandishi. Hipokampasi hairithiwi pamoja na kumbukumbu zake. Kila mtoto wa mkoa huu wa Ruvuma huanza na yake ikiwa haina Majimaji, na wazazi na walimu wake ndio watakaoamua nini kiingie humo. Kwa hiyo wajukuu wa mashujaa wanaoishi leo wahojiwe na kurekodiwa sasa, na shule za mkoa ziwalete wanafunzi Mahenge wasikilize, si Februari peke yake.