Nafasi Tupu Kati ya Ukwapi na Utao

Lipo swali dogo linalowagawa waandishi wa programu: mstari ujongezwe ndani kwa kitufe cha Tab, au kwa nafasi moja moja? Hapa Shirimatunda, ninapochapa mashairi ya wenzangu, naliona kuwa swali letu pia, tena la kale.

Katika miswada mingi ya tenzi kwa hati za Kiarabu, ubeti wa vipande vinne ulikaa katika mstari mmoja, na kati ya vipande mwandishi alitia alama ndogo. Hakuuachia utupu kazi ya kutenga. Taipureta ilipokuja, wengi tuliweka ukwapi huku na utao kule, utupu ukawa mpaka. Na karatasi iliutunza. Katika kompyuta, Tab ni alama isiyoonekana, na upana wake huamuliwa na programu inayoisoma. Shairi lililonyooka kwangu hupinda kwako. Nafasi nazo hunyoosha pale tu herufi zote zina upana mmoja.

Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991, husoma jongezo kuwa sehemu ya maana. Toleo lake la 3, la mwaka 2008, hukataa mchanganyiko wenye utata. Ushairi hauna mlinzi wa namna hiyo. Vipande vikivurugika, jicho hupoteza kina cha kati, na mizani huhesabiwa kwa kubahatisha.

Basi tuwafuate wakale: tutie mkato kati ya ukwapi na utao, utupu ubaki kuwa pambo.