Barabara za Njaa, Mabasi ya Watalii

Watu wanaojiona ndio wasafiri wa kweli huwa hawana neno jema kwa basi la watalii. Nchini Ayalandi dharau hiyo ina sura yake. Basi la viti hamsini linatoka Killarney asubuhi, linaizunguka rasi ya Iveragh kwa njia ya kilomita 179 iitwayo Ring of Kerry, linasimama hapa na pale watu wapige picha na kwenda msalani, na jioni linawarudisha hotelini wakiwa wamecheka na dereva na kununua sweta la sufu. Wanaolilaumu husema limeivamia nchi iliyokuwa ikijiishia maisha yake, likageuza milima, nyimbo na umaskini wa jana kuwa bidhaa ya siku moja. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na tutaufikia. Lakini ikichukuliwa kuwa historia, imekosea pa kuanzia. Basi halikuikuta Ayalandi ya magharibi ikiwa haijaguswa. Lilirithi barabara zilizojengwa na serikali kwa ajili ya askari, barua na watu wenye njaa. Lilirithi nchi iliyokwisha kupungukiwa watu. Tena lilirithi desturi ya kumpakia mgeni pamoja na wenzake na kumwonyesha vitu kwa ratiba, desturi iliyoanza takriban karne moja kabla injini ya dizeli haijasikika Kerry.

Tuzitazame barabara kwanza. Kusini mwa Dublin, mabasi yaendayo kwenye magofu ya monasteri ya Glendalough aghalabu hupanda milima ya Wicklow kupitia Sally Gap, na abiria hujaa upande mmoja wa dirisha kutazama bonde. Njia hiyo ilianza kuchongwa mwaka 1800 na kukamilika 1809, na sababu yake haikuwa bonde. Baada ya uasi wa 1798, wapiganaji waliobaki, akiwamo Michael Dwyer, walijificha katika milima hiyo ambako jeshi la Uingereza lilishindwa kuwafikia. Serikali ikaamua kuipasua milima, na kandokando ya njia ikaweka kambi za askari, Glencree na Laragh zikiwa miongoni mwake. Dwyer mwenyewe alijisalimisha Desemba 1803, barabara ikiwa bado haijaisha, na jambo la kushangaza kidogo ni kwamba hakuna aliyesitisha kazi. Huko Connemara mambo yalikuwa tofauti. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya eneo hilo haikupitika kwa gurudumu. Mtu alikwenda kwa miguu, kwa farasi au kwa mashua. Viazi vilipoharibika na njaa kuingia mwaka 1822, mhandisi Mskoti Alexander Nimmo alikabidhiwa wilaya ya magharibi ajenge barabara na gati, ili wenye njaa wapate ujira. Kwenye pwani ya Antrim, kati ya 1832 na 1842, William Bald alilipua majabali kwa baruti akapitisha barabara chini yake, karibu kabisa na maji, hata leo abiria wa kiti cha dirishani anaona bahari tu.

Kisha ikaja Njaa Kuu. Ukungu uliingia kwenye mashamba ya viazi mwaka 1845, na kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama. Serikali ilishikilia kwamba masikini asipewe chakula bila kazi, na kazi iliyokuwapo ilikuwa kuponda mawe na kutengeneza barabara. Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye vibarua hivyo, wanawake na watoto wakiwamo, kwa ujira uliozidiwa na bei ya unga. Nyingine kati ya barabara hizo ziliishia kwenye kinamasi au ubavuni mwa mlima, kwa kuwa fedha zilikatwa kabla ya kazi kwisha. Ni kweli wenyeji siku hizi huita takriban kila njia ya kale ya magharibi "barabara ya njaa", na si zote zinastahili jina hilo. Hata ukiziondoa zenye utata, zinazobaki zinatosha kuonyesha kwamba mtandao ambao mtalii anauona kama zawadi ya mandhari uliwekwa na watu waliokuwa na shida nyingine kabisa.

Desturi ya kusafiri kwa pamoja nayo ina mwanzo unaojulikana. Charles Bianconi alizaliwa Lombardia, Italia, mwaka 1786, akaletwa Ayalandi akiwa kijana wa miaka kumi na sita kuuza picha, na kwa miaka kadhaa akazunguka vijijini kwa miguu na mzigo mgongoni. Tarehe 6 Julai 1815, wiki chache baada ya vita vya Waterloo, alianzisha gari la farasi la kubeba abiria na barua kati ya Clonmel na Cahir. Vita vilipokwisha, farasi wa jeshi walishuka bei, naye akawanunua. Kufikia miaka ya 1840 alikuwa na farasi zaidi ya 1,000 na magari yapatayo mia moja, yaliyokwenda hadi miji ya magharibi ambako mabehewa ya fahari hayakuwahi kufika. Umbo la magari yenyewe lina maana kwa hoja hii. Hayakuwa na paa. Abiria walikaa katika safu mbili, wamepeana migongo, mizigo katikati, miguu ikining'inia juu ya gurudumu, na yale makubwa ya farasi wanne yalibeba hadi watu ishirini. Kila abiria aliona upande mmoja wa nchi, ule mwingine akausikia kwa mwenzake. Mtu aliyelipa nauli ili aende sokoni alikalishwa, apende asipende, kama mtazamaji. Waandishi waliomiminika miaka hiyo kuiandika Ayalandi waliyapanda magari hayohayo, na vitabu vyao vikawaambia wasomaji wa London pa kwenda na mahali pa kushuka.

Reli ilifika Killarney mwaka 1853, na mwaka uliofuata kampuni ya reli ikafungua hoteli yake mbele ya kituo. Tangu hapo mgeni aliweza kununua tiketi, kitanda na gari la farasi la kuzungukia maziwa karibu katika manunuzi mamoja. Familia ya kifalme ilipopita, biashara ilipata muhuri: njia aliyopita mwanamfalme Edward mwaka 1858, kutoka Bantry kupitia Glengarriff hadi Killarney, ikapewa jina la cheo chake, na mahali ambapo wajakazi wa heshima wa Malkia Victoria walisimama kutazama maziwa mwaka 1861 paitwa Ladies View hadi leo, kuna duka na mkahawa. Mwenyeji wa Malkia, Bwana Herbert wa Muckross, alitumia fedha nyingi kuiandaa nyumba kwa ziara ya siku chache, na waongozaji hupenda kusimulia kwamba ndiyo iliyomfilisi. Ukoo ulipoteza shamba hilo mwishoni mwa karne, kwa sababu zaidi ya moja, lakini kisa cha malkia kinasimuliwa vizuri zaidi kuliko kisa cha riba.

Hapa mtu anaweza kusema: barabara zilijengwa, sawa, ila milima haikujengwa na mtu. Uzuri ulikuwapo, kilichokosekana ni njia tu ya kuufikia. Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuipenda Killarney. Lakini wasafiri wa mwanzo wa karne ya 18 walisifu tambarare yenye ngano, na kwao mlima mtupu ulikuwa ardhi iliyopotea. Ladha ilibadilika, na mmoja wa walioipa nadharia alikuwa Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, aliyechapisha mwaka 1757 uchunguzi wake kuhusu utisho na uzuri. Mabonde yenye giza na majabali yanayotia hofu yakawa kitu cha kutafutwa. Zaidi ya hayo, sehemu ya kinachopendwa leo si kazi ya maumbile. Mtalii husifu upweke wa magharibi, mabonde yasiyo na nyumba. Mwaka 1841 jimbo la Connacht lilikuwa na watu wapatao milioni 1.4, na leo halifikishi nusu yao. Jua likiwa chini, kwenye miteremko ya Mayo na Connemara huonekana mistari sambamba chini ya nyasi, ikipanda hadi mahali ambapo mtu hudhani hapajawahi kulimwa. Ni matuta ya viazi. Walioyainua kwa jembe la mkono, wakayarutubisha kwa mwani uliobebwa kutoka pwani, walikufa au walipanda meli, na nyasi zikafunika. Utupu unaopigwa picha una tarehe.

Basi la injini lilipoingia, basi, lilikuta kila kitu kimewekwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, CIÉ, shirika la usafiri lililoundwa 1945 na kuwa mali ya dola 1950, lilikuwa na reli, mabasi na zile hoteli kubwa za reli kwa pamoja. Kadiri reli za pembezoni zilivyoleta hasara zilifungwa. Ile ya Clifden ilikuwa imekwisha kufungwa tangu 1935, na zile za Kenmare na Valentia Harbour zikafuata mwaka 1960. Wageni waliokuwa wakiletwa na treni wakahamishiwa kwenye mabasi ya shirika lilelile, na kulala katika hoteli zilezile. Wateja nao walibadilika. Uwanja wa ndege wa Shannon, ulioanzisha duka la kwanza duniani la bidhaa zisizotozwa ushuru mwaka 1947, ndio uliopokea ndege kutoka Marekani, na kwa miongo mingi sera ya serikali ililazimisha ndege za kuvuka Atlantiki zitue hapo. Sharti hilo lilifutwa kabisa 2008 tu. Filamu ya John Ford, The Quiet Man, iliyopigwa katika kijiji cha Cong na kutolewa 1952, iliwapa Wamarekani wenye asili ya Kiayalandi picha ya kwao. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha tamasha la An Tóstal ili kuusogeza msimu wa watalii uanze mapema, majira ya kuchipua. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo wajukuu na vitukuu wa wale waliokimbia. Walizunguka kwa basi katika barabara ambazo, pengine, mababu zao waliponda mawe yake.

Pingamizi la pili ni la utamaduni: kwamba kinachoonyeshwa ni maigizo. Mfano unaotajwa kila mara ni ngome ya Bunratty, karibu na Shannon, ambako tangu 1963 wageni wameketishwa kwenye meza ndefu kula karamu ya zama za kati kwa kisu na vidole, huku mabinti wenye gauni za mahameli wakiimba kwa kinubi. Sitaitetea Bunratty, ni maigizo, na wanaoyanunua wengi wanajua. Ila anayeikimbia na kwenda kijijini kutafuta kitu halisi ataelekezwa kwenye baa ambako wapigaji fidla na filimbi wameketi pembeni wakipiga bila jukwaa. Muziki ule ni wa kale. Kukutana baa kuupiga si kwa kale. Ulikuwa ukipigwa majumbani na njiapanda, mpaka sheria ya kumbi za dansi ya 1935, ikisukumwa na mapadri na polisi, ilipozibana dansi za nyumbani. Mtindo wa baa ulishamiri hasa London, miongoni mwa vibarua wa Kiayalandi waliokuwa wakijenga mji huo baada ya vita na ambao vyumba vyao havikutosha kukaribisha mtu, kisha ukarudi nyumbani. Kwa hiyo kinachohesabiwa kuwa kiini cha Ayalandi ya vijijini kina deni kwa jiji la Uingereza, nacho kimeizidi umri karamu ya ngomeni kwa uchache kuliko wengi wangekubali. Hata malalamiko yenyewe si mapya. Mwandishi Thackeray aliyachapisha mwaka 1843, akisimulia jinsi waongozaji na wenye mashua wa Giant's Causeway, zile nguzo za mawe za pwani ya Antrim, walivyomvamia alipofika. Miaka ya 1890 mawe hayo yalizungushiwa uzio na kampuni, ikatoza kiingilio, ikashtakiwa na kushinda. Hakuna basi lililohusika.

Palipo na lawama ya haki ni kwenye fedha na msongamano. Majabali ya Moher yalipata wageni wapatao milioni 1.6 mwaka 2019, na wengi wao walikuwa wa safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Dublin: wanavuka nchi, wanakaa saa moja na nusu, wanarudi bila kulala wala kula kwa wenyeji wa Clare. Kijiji ambacho basi halisimami hakipati hata bei ya chai. Kwenye Ring of Kerry barabara ni nyembamba kiasi kwamba mabasi yote yamekubaliana kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kupitia Killorglin kwanza, ili yasikutane uso kwa uso kwenye kona. Anayefuata nyuma kwa gari dogo hana la kufanya. Hapo watetezi wa mabasi hujibu kwamba watu hamsini ndani ya magari madogo wangeziba zaidi, na hesabu hiyo ni sahihi, ila haimpi mkahawa wa pembezoni mteja.

Lawama nyingine, ambayo husikika kwa nadra, naiona nzito zaidi: basi linasema mengi lakini haliitaji barabara linayoikanyaga. Si kwamba njaa imefichwa. Jumba la makumbusho ya Njaa lilifunguliwa Strokestown mwaka 1994, meli ya mfano ya wahamiaji iliyotia nanga New Ross hupokea makundi, na ratiba nyingi za mabasi sasa zina kituo hicho. Lakini hapo njaa imewekwa ndani ya jengo lenye mlango na tiketi, na ukishatoka unarudi kwenye mandhari. Katika bonde la Doolough, kati ya Louisburgh na Leenane, pana msalaba wa mawe unaowakumbuka watu waliotembezwa mwishoni mwa Machi 1849 kwenda kukaguliwa ili wasifutwe kwenye orodha ya msaada, wakafa njiani kwa idadi ambayo bado inabishaniwa. Tangu 2014 njia hiyo ni sehemu ya Wild Atlantic Way, kilomita 2,500 zilizowekewa alama na serikali kutoka Inishowen hadi Kinsale. Njia hiyo inatangazwa hasa kwa watu wa magari yao wenyewe, wale wasiotaka basi wala ratiba, nao huifuata kibao kwa kibao, wakisimama palipoandikwa wasimame.