Kutoka Jiwe la Kusagia hadi Mashine: Historia ya Unga Wetu



Katika nchi nyingi, vinu vya zamani vya unga vilijengwa kando ya mto ili maji yazungushe mawe ya kusagia. Kwetu Dodoma haikuwezekana. Mvua yetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi mingine makorongo yetu ni mchanga mtupu. Kazi ya kusaga waliibeba mama zetu: walitwanga mtama na uwele, wakapepeta, kisha wakasaga juu ya jiwe. Ugali na mlenda wa jioni ulianza kuandaliwa asubuhi.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaleta soko la nafaka. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeshi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ukame ulipoingia, ghala zilikuwa tupu. Njaa hiyo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya, na iliua maelfu.

Tukategemea pia nafaka na unga wa kuletwa kwa treni. Lakini kati ya Gulwe na Kilosa reli hufuata bonde la Kinyasungwe na Mkondoa. Mto huo haujawahi kutusagia hata debe moja, ila kukata njia unajua: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli vibaya, treni zikasimama kwa miezi.

Hatua kubwa zaidi ilikuja baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha kampuni za kusaga nafaka, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Meneja Mkuu wake wa kwanza alikuwa J. K. Chande, ambaye familia yake ilikuwa na moja ya kampuni zilizotaifishwa. Hapa kwetu, kumbukumbu ya NMC ni kiwanda cha Kizota.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo natazama vitabu. NMC ilipewa kazi mbili zisizopatana. Ilitakiwa imlipe mkulima bei iliyopangwa, hata wa mbali ambako usafiri ni ghali, na papo hapo iuze sembe kwa bei ya chini mjini. Pengo lilijazwa kwa ruzuku na mikopo ya benki. Ruzuku ya sembe ilipoondolewa mwaka 1984, walaji waliumia, na madeni ya shirika yalibaki palepale. Biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa watu binafsi, na mashine za mitaani zikachukua nafasi. Mali za NMC zilikuja kukabidhiwa Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kinu cha Kizota kikafufuliwa.

Kwa nini naeleza haya kwenye kijitabu cha harambee? Kwa sababu mwaka huu tunachangia mashine ya kukoboa na kusaga ya mtaa wetu. Kununua mashine ni sehemu rahisi. Mashine nyingi za miradi hufa siku mkanda unapokatika na hakuna senti iliyowekwa kando. Ndiyo maana ninaomba mambo matatu: kila debe lilipiwe, hata la kiongozi; sehemu ya mapato ya kila siku iingie akaunti ya matengenezo; na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, mama aliyebeba mahindi yake kichwani azisome.

Mama zetu walisaga kwa jiwe bila kumdai mtu. Tuwalipe kwa mashine isiyokufa.

Karibuni tuchangie.