Kijana mwenye usonji akianza kidato cha kwanza: mambo ambayo mzazi wa Viwanja Sitini anapaswa kuyajua

Kijana mwenye usonji aliyefaulu darasa la saba anapangiwa sekondari ya kata kama mwenzake yeyote. Kwa familia ya Viwanja Sitini, hapa Ifakara, hiyo ni habari njema, ila inakuja na shughuli yake. Msingi alikuwa na walimu wachache waliomzoea. Sekondari kuna mwalimu wa kila somo, lugha mpya ya kufundishia, na mwalimu wa zamu anayebadilika kila wiki.

Tuseme ukweli: kinachomwangusha kijana wa aina hii mara nyingi siyo hesabu wala Jiografia. Ni shule kumwona jeuri.

Usonji ni nini hasa

Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote. Inagusa namna mtu anavyowasiliana, anavyosoma hisia za wenzake na anavyopokea sauti, mwanga au kuguswa. Siyo kichaa, siyo kurogwa, na haitokani na mama kumlea mtoto vibaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Wapo wasioongea kabisa, na wapo wanaoongea kama kitabu. Makala hii inamhusu anayeweza kukaa kwenye darasa la kawaida, ila kwa masharti yake.

Kwa jicho la mtaani, ishara zake zinafanana sana na kukosa adabu. Anapita mbele ya mwalimu bila kusema shikamoo. Au anamwamkia mwalimu yuleyule mara nane kwa siku. Hatazami usoni. Akiambiwa "hebu rudia ulichosema," anarudia kweli, neno kwa neno, darasa zima linacheka na mwalimu anadhani amekejeliwa.

Nenda shuleni kabla tatizo halijatokea

Usisubiri kuitwa. Mwone mkuu wa shule kabla muhula wa Januari haujaanza, kisha mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi na unasihi, na yule wa nidhamu. Huyu wa mwisho wazazi wengi humruka, na ndiye wa muhimu kuliko wote.

Kama kijana hajawahi kupimwa, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa mjini na uombe maelekezo ya rufaa. Karatasi ya daktari inasaidia sana kwenye mazungumzo na shule. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo, kupitia idara ya elimu sekondari, ni mahali pa kuuliza habari za elimu maalumu.

Na usiende kama unaomba hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kusoma katika mazingira jumuishi, na serikali ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Kitengo cha usonji kama kile cha Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, kiko shule ya msingi. Akishavuka darasa la saba, shule ya kawaida ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Andika karatasi moja, siyo zaidi, na uombe ibandikwe ofisi ya walimu ili kila mwalimu wa zamu aione. Inaweza kusomeka hivi:

"Mwanangu ana usonji. Anasikia na anaelewa, ila anachelewa kujibu, naomba apewe muda. Asipokutazama siyo dharau. Mpe maelekezo mafupi, moja moja. Akiziba masikio, kelele zimemzidi: naomba aruhusiwe kukaa chini ya mti karibu na ofisi kwa dakika kumi. Asishikwe ghafla. Namba yangu ya simu iko hapa chini."

Fimbo

Hili lazima liongelewe wazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka mwisho wa viboko vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kwenye daftari. Mwalimu anayemchapa mtoto mstarini kwa sababu tu "kanijibu vibaya," bila idhini hiyo, yuko nje ya kanuni.

Ila kwa kijana mwenye usonji kuna swali kubwa zaidi: anajua anachapwa kwa nini? Mara nyingi hajui. Anachojifunza ni kwamba shule ni mahali pa kuumizwa bila sababu, na asubuhi yake hatoki kitandani. Wengine huanza kupiga kichwa ukutani au kujing'ata. Ongea na mkuu wa shule mapema mkubaliane adhabu mbadala anayoielewa, inayotolewa palepale na kwa maelezo mafupi.

Ratiba, bati na kengele

Kijana huyu anaishi kwa ratiba. Mchukue shuleni Desemba, mtembee njia atakayopita, aone choo kilipo, darasa lilipo, bomba lilipo. Kama anapanda bodaboda, awe dereva mmoja yuleyule. Ratiba ya vipindi iandikwe kwa mkono na ikae ndani ya daftari lake. Kipindi kikibadilishwa, aambiwe kabla.

Masika ni mtihani wa peke yake. Mvua ya Kilombero ikipiga bati, hata mtoto asiye na usonji hamsikii mwalimu. Kwa mwenye masikio makali ni kama anapigwa. Dawati la mbele, mbali na dirisha na mbali na ile ringi ya gari inayogongwa kama kengele, halimgharimu mtu hata shilingi.

Msimu wa shamba

Hapa bondeni kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailijui. Mpunga ukifika wakati wa kupandwa, kupaliliwa au kuamia ndege, familia nyingi huhamia shamba na kulala kwenye dungu kwa wiki kadhaa. Watoto wa sekondari huachwa mjini wajipikie, au kwa shangazi, au hukatisha masomo wakaungana na wazazi.

Kwa kijana mwenye usonji mabadiliko hayo yanagonga kila kitu kwa mpigo: nyumba, chakula, usingizi, mtu wa kumwamsha. Kazi ya miezi mitatu inaweza kubomoka ndani ya wiki moja. Kama kuna namna yoyote, mtu mzima mmoja anayemjua abaki naye. Isipowezekana, mweleze mapema kwa kalenda: tarehe unayoondoka, nani atalala naye, tarehe ya kurudi. Na tarehe ya kurudi usiidanganye.

Kiingereza na wenzake

Kubadili kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kunawatesa wote kidato cha kwanza. Huyu msaidie kwa orodha ya maneno ya kila somo kabla ya kipindi, na picha inapowezekana. Wapo wanaoshangaza: waliojifunza Kiingereza kwa katuni za simu na wanakitamka kuliko mwalimu. Hilo nalo huleta ugomvi.

Wenzake wanaweza kumtuma, na hapo ndipo penye hatari. "Nenda kamwambie madam hivi." Anaenda, anasema, anaadhibiwa yeye. Mwombe mwalimu wa darasa ateue mwanafunzi mmoja au wawili wa kuaminika wa kukaa naye. Binti afundishwe hedhi mapema, kwa hatua, kwa kuonyeshwa pedi yenyewe. Wote, wa kike na wa kiume, waelezwe bila mafumbo nani hapaswi kuwagusa na wapi. Mafumbo hawayapati.

Kifafa

Watu wenye usonji hupata kifafa zaidi ya wengine, na kinaweza kuanzia umri huu wa kubalehe. Akiwa anakodoa macho na kukatika ghafla, au akianguka, mpeleke hospitali. Ng'ambo ya Mto Kilombero, kule Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo ugonjwa huu siyo mgeni ukanda huu na dawa zipo. Akishaanza, asikatishwe dawa bila daktari kusema.

Mitihani na amali

Upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwishoni mwa mwaka, lakini usajili ni mapema zaidi. NECTA huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Muulize mkuu wa shule wakati wa usajili kama taarifa za mwanao zimewekwa, na umpe karatasi ya daktari.

Tangu 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma fani pamoja na masomo ya kawaida. Kijana anayeweza kufungua na kufunga redio siku nzima bila kuchoka huenda akafaa huko. Uliza ni shule ipi ya karibu inayo fani anayoipenda, kisha mpeleke akaione karakana yenyewe kabla hamjaamua.